Swali Ambalo Halikuwa Kwenye Daftari

Adrienne alikuwa na miaka ishirini na sita, diploma ya umeme wa viwandani, na tabia moja iliyomkera kila aliyempenda: unamsemesha, na katikati ya maneno anaondoka. Mwili unabaki kwenye kiti, macho yako wazi, kichwa kinaitikia, lakini yeye mwenyewe hayupo. Mama yake alishazoea. Aliweka sahani mezani, akangoja kidogo, akaita jina mara ya pili, na hapo Adrienne alirudi taratibu akiuliza kama kuna mtu amemwita.

Alikokuwa akienda ni mahali pamoja tu. Alipokuwa na miaka kumi na moja, parokia iliwapeleka watoto wa kwaya Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme, ndani ya lori, wakiimba mpaka koo zikakauka. Wenzake walirudi wakikumbuka mkate na soda. Yeye alikumbuka jumba refu lenye mashine, na sakafu iliyokuwa ikitetemeka kidogo sana chini ya viatu vyake, mtetemo uliopanda miguuni ukafika kwenye meno. Mfanyakazi mmoja aliwaambia kwamba hayo ni maji ya mto Lufira, yanaingia huku maji na kutoka kule umeme. Wengine walicheka. Adrienne aliubeba ule mtetemo mpaka nyumbani na hakuuweka chini tena. Ulimjia kanisani, ulimjia akifua nguo, ulimjia hasa jioni zile mtaa wao wa Kikula, mjini Likasi, ulipokuwa gizani, na nyaya nene zikapita juu ya mapaa kwenda viwandani, zikivuma. Majirani walinung'unika. Yeye alisimama uani, uso juu, akisikiliza.

Ni ndoto nzuri, sikatai, lakini ndoto haiivishi bukari, yaani ugali wa kwetu. Mjomba wake Georges alikuwa na depo ya simenti na misumari karibu na soko, na keshia wake alikuwa ameolewa akahamia Lubumbashi. Mjomba alimpa Adrienne kile kiti. Alikuwa mtu wa kusema mara moja, na alisema: mpaka Jumatatu ya tarehe ishirini, ndiyo au hapana, kwa sababu wako wengine wanaongoja. Kazi ya hakika, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, chini ya feni.

Kilichomtesa Adrienne hakikuwa kiti chenyewe. Kilichomtesa ni kwamba angekataa kitu alichokijua kwa ajili ya kitu alichokijua kwa nyayo tu. Watu wa Mwadingusha hufanya nini kutwa nzima? Wanakaa? Wanakimbia? Wanafurahi? Hakujua. Alipenda kazi ambayo hangeweza kueleza hata asubuhi yake moja, na siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

Alianza kama wote wanavyoanza Likasi, yaani na farde. Farde ni lile jalada la plastiki lenye diploma, barua ya kuomba kazi, cheti cha kuzaliwa na picha nne za pasipoti, na mtu akipita nalo mjini asubuhi, hata mbuzi wanajua anakwenda wapi. Alilibeba mpaka kwenye karakana ya David, fundi wa transfoma. David aliliona lile jalada kabla ya kuuona uso wa aliyelibeba. Alisema hakuna nafasi, akarudi chini ya transfoma yake. Salamu ya Adrienne ilibaki hewani bila mtu wa kuipokea.

Kutoka pale alipita kwa Papa Bertin kuongeza nakala. Papa Bertin alikuwa na kibanda cha fotokopi karibu na posta, na kwa miaka kumi na minane diploma zote za mji huu zilikuwa zimepita chini ya taa yake ya kijani. Aliwajua wenye kazi na wasio na kazi kuliko padri anavyojua dhambi. Siku hiyo aliishika diploma ya Adrienne, akaitazama, na badala ya kuilaza kwenye mashine akamrudishia.

"Ile farde, achaka ku nyumba," alimwambia. "Mukubwa akiiona, anawaza tu namna ya kukufukuza. Weye uende mikono mitupu. Uulize kazi yake iko namna gani. Muntu anapenda sana kusema juu ya kazi yake, na hakuna mwenye kumuulizaka."

Ndipo akamfundisha, taratibu, huku wateja wakisubiri na kuguna. Omba dakika ishirini, na zikiisha simama, hata kama chai inamiminwa. Usiulize mambo ambayo ungeweza kuyasoma ukutani. Uliza siku inaanzaje, tangu macho yanapofunguka. Uliza kinachochosha. Uliza mtu wa namna gani hawezi kazi ile. Usitoke bila kuuliza ni nani mwingine unaweza kumwona, kisha urudi siku nyingine useme asante na ueleze maneno yake umeyafanyia nini. Na la mwisho, ambalo Papa Bertin alilisema akiwa ameinua kidole: siku hiyo usiombe kazi. Hata akikuuliza kama unataka, usiombe. Ukisema hukuja kuomba kazi halafu ukaomba, umekuwa mwongo, na katika mji huu mwongo anajulikana kabla ya saa sita.

Adrienne alinunua daftari dogo, akaandika maswali sita. Papa Bertin alikuwa pia amemshauri ajizoeze na mtu asiyecheka, na nyumbani kwao mtu asiyecheka alikuwa mmoja tu.

Mama Josée, mama yake, hakuwa mkali, alikuwa ametulia tu, utulivu wa mtu aliyewahi kungoja sana. Mume wake alikwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi Adrienne akiwa na miaka tisa. Alisema ni majuma mawili. Majuma yakawa miezi, na miezi ikazaa nyumba nyingine huko, mke mwingine, watoto wengine, na salamu za Noeli kwa simu. Tangu hapo neno hilo, majuma mawili, halikutamkwa ndani ya nyumba ile, na Mwadingusha ilipotajwa mama aliinuka kwenda kuangalia kuku wake. Hakuwahi kusema hapana. Aliinuka tu.

Lakini jioni ile alikubali kuwa enjinia. Alikaa kwenye kiti kifupi akichambua maharage, Adrienne akaketi mbele yake na daftari magotini, akauliza kwa adabu siku ya kazi inaanza namna gani. Enjinia alifikiri, akajibu kwamba inaanza kwa kuwasha makaa. Na kinachochosha? Moshi. Na mtu wa namna gani hawezi kazi hii? Enjinia alirusha harage bovu nje ya ungo, akasema ni mtu mwenye kulala sana, na akamtazama. Walirudia jioni tatu mfululizo. Adrienne alidhani mama anamsaidia kupitisha muda.

Alirudi kwa David mikono mitupu. David alimshuku zaidi kuliko mara ya kwanza. Aliuliza ni nani amemtuma, kama ni watu wa kodi. Alipoelewa kwamba binti huyu kweli anataka tu kujua asubuhi yake inaanzaje, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akazungumza. Zile dakika ishirini zilipoisha Adrienne alisimama, na David ndiye aliyemwambia aketi. Alimwonyesha kovu la kuungua mkononi. Alimweleza jinsi simu inavyolia wakati wa chakula, siku zote wakati wa chakula. Mwisho, Adrienne alipomtajia ule mtetemo wa maji ya Mwadingusha, alitoa hukumu yake.

"Kazi yangu haiko yako," alisema. "Weye unatafuta mayi, hautafuti nyaya. Uende uone Mama Hélène, kule Panda. Eko enjinia ya mashine ya Mwadingusha. Majuma mbili kule, juma moja ku nyumba. Uambie ni miye David."

Adrienne aliyarudia nyumbani bila kufikiri: jina la mama huyo, barabara ya nyumba yake, Jumamosi saa nne, na zile zamu zake. Majuma mawili kule. Neno lilikwisha kutoka. Mama Josée aliweka kijiko chini akatoka kwenda kwa kuku.

Alhamisi jioni kuku mmoja hakuwepo. Alikuwa yule jike wa shingo tupu, mwekundu wa shingo na mweusi wa mwili, aliyepoteza kidole cha mguu wa kushoto mlangoni, kuku mwenye dharau ambaye familia nzima ilimpenda bila kukubali. Adrienne alimtafuta mpaka nyuma ya choo. Mama alisema kuku ana miguu, huenda anakotaka. Hakusema zaidi, na Adrienne hakuuliza, maana kichwa chake kilikuwa kimekwisha tangulia Jumamosi.

Jumamosi, ambayo wazee wa mji huu wanaendelea kuiita siku ya posho, alipanda kilima cha Panda kabla jua halijakaza. Ilikuwa Oktoba, jakaranda zilikuwa zimemwaga maua yake barabarani, na alitembea juu ya zambarau ile bila kuhisi kwamba anakanyaga. Alisikia maji. Alijiambia ni hofu, lakini aliyasikia, mbali na chini, kama mtu anayevuma wimbo akiwa amefunga mdomo. Alipogonga lango, ilibidi mtu wa ndani agonge naye ndipo azinduke.

Mama Hélène alikuwa na miaka hamsini na kitu, mikono mipana, viatu vya plastiki, na sauti ya juu ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Alimkaribisha barazani. Adrienne alisema alichojifunza kusema, kwamba ametumwa na David, kwamba anaomba dakika ishirini, kwamba hakuja kuomba kazi, amekuja kuuliza tu. Alisema vizuri. Kisha akageuza uso kutafuta mahali pa kuweka mfuko, na chini ya bomba la maji, amefungwa kamba mguuni, akimtazama kwa dharau ileile ya nyumbani, alikuwa kuku wa shingo tupu.

Alihesabu vidole. Mguu wa kushoto, kimoja hakipo.

Aibu ilimpanda kuanzia shingoni. Aliyaona yote kwa mara moja: mama yake akipanda kilima hiki Alhamisi, kitunga mkononi, mama akipiga goti hapa barazani, akisema mtoto wangu amesoma, mtoto wangu anateseka, umsaidie. Sasa yeye ameketi hapa, anasema hakuja kuomba kazi, na maombi yake yamefungwa pale kwa kamba. Alitaka ardhi ya Panda ifunguke. Haikufunguka, na Mama Hélène alikuwa akingoja swali la kwanza.

Akauliza. Nini kingine angefanya? Mama Hélène akajibu, na Adrienne akaandika bila kusikia. Kuamka saa kumi na moja. Kusoma mita za mashine moja baada ya nyingine, kuandika kitabuni kila saa. Majani ya mto yanayoziba vyuma vya kuchujia, na watu wa kuyatoa. Mafuta, joto, simu kutoka mjini. Kinachochosha, alisema, ni kwamba siku nyingi hakuna kinachotokea, na kazi yenyewe ndiyo hiyo, kuhakikisha hakuna kinachotokea. Kuku akakohoa chini ya bomba. Adrienne akafika swali la tano, la mtu asiyeweza kazi ile, akalisoma kwa sauti iliyokuwa ikififia.

Mama Hélène alisema ni mtu anayesikia pale tu anapoitwa. Mashine haiiti mtu. Inabadilisha sauti kidogo, kidogo mno, na anayeweza kazi ni yule ambaye hata akifikiri mambo mengine, hata akila, sikio lake moja limebaki kule. Hapo Adrienne alisahau aibu kwa muda. Tangu utoto wake watu walikuwa wakimwita arudi, na huyu hapa alikuwa wa kwanza kumwambia kuna mahali ambapo kuwa mbali ndiyo kuwa kazini. Machozi yalimjia karibu. Kisha alimwona kuku tena, akafunga daftari.

"Mama," alisema, "ile kuku ni ya kwetu. Miye sikujua. Minasema sikukuya kuomba kazi, na mama yangu alikwisha kukuya kuniombea. Unisamehe. Miye naenda."

Mama Hélène alimtazama, akacheka polepole, kicheko kisichomdhihaki mtu, akamwonyesha kiti.

"Ikala. Mama yako hakuniomba kazi hata kidogo. Alikaa fasi ile weye uko unakaa, akasema eko na maulizo. Akauliza ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, bila karatasi. Leo weye ulipoanza, nilikuwa nazijua zote. Kuku alileta sababu muntu haingiaki ku nyumba ya bantu mikono mitupu."

Adrienne alikaa. Aliona ungo wa maharage, jioni tatu, na enjinia wa makaa aliyekuwa akikariri.

"Kisha akauliza moja ingine, ya saba," Mama Hélène aliendelea, na sauti yake ya mashine ikashuka. "Akasema: na mama yako weye, mara ya kwanza ulienda kule, alifanya namna gani? Mutoto, miaka makumi mbili na tatu minatumika kazi pale. Bantu wananiuliza mshahara, wananiuliza nafasi. Ile ulizo, hakuna aliyeniulizaka."

Adrienne aliuliza, kwa sauti ndogo, alimjibu nini.

"Nilimuambia kweli. Mama yangu aligeuza uso ku kibambazi, ku ukuta, siku mbili. Hakukula, hakusema. Siku ya tatu akatuma muntu aniambie: ukirudia ku nyumba, uniletee samaki. Toka pale, kila mara, samaki. Mpaka alikufa. Mama yako alisikia, akaniachia kuku, akaenda."

Zile dakika ishirini zilikuwa zimepita zamani, na hakuna aliyesimama. Kisha Mama Hélène alisema jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Kazi ya kumpa hakuwa nayo, alitaka hilo lieleweke. Lakini Jumatatu alikuwa akirudi Mwadingusha, na wakubwa wake humruhusu kuchukua mtu mmoja wa kutazama na kujifunza zamu nzima, bila ahadi yoyote. Majuma mawili. Adrienne aseme mwenyewe, ila aseme baada ya kwenda nyumbani. Akaingia jikoni, akatoka na kitunga cha Mama Josée, maana kama mama yeyote wa mji huu hangeweza kurudisha chombo cha watu kikiwa kitupu, na ndani kulikuwa na samaki mmoja mkavu wa kule, amefungwa kwenye karatasi.

Adrienne alishuka kilima akikibeba kitunga kwa mikono miwili. Yale maji yalikuwa bado yakivuma mahali fulani, lakini safari hii hayakumchukua. Aliona kila kitu barabarani: maua yaliyokanyagwa, wanafunzi wawili wakigombania baiskeli, mwanamke aliyetoka kwenye lango la kiwanda na farde chini ya kwapa, akitembea haraka ili asionekane analia. Alipita kwa Papa Bertin. Kulikuwa na foleni ndefu, kwa hiyo alisimama pembeni tu akamwonyesha mikono ile isiyo na jalada, na Papa Bertin akainua kile kidole chake. Asante yenyewe angekuja kuisema siku yake, na ya David pia, kama alivyofundishwa. Alipita mbele ya depo ya mjomba Georges. Kiti cha keshia kilikuwa kitupu chini ya feni. Alikitazama bila chuki, akaendelea.

Njia nzima alitunga maneno. Atamkemea mama kwa kwenda bila kumwambia. Atamshukuru. Atamuuliza kwa nini hakusema. Atamweleza kwamba yeye si baba. Hilo la mwisho alilipanga mara nyingi, na kila mara lilivunjika.

Mama Josée alikuwa uani, kwenye kiti kifupi, akipepeta. Alikiona kitunga. Hakuuliza kilikotoka. Mikono yake iliendelea kupepeta kwa muda, halafu ikasimama.

Maneno yote ya njiani yalikuwa yamekwisha. Adrienne alichuchumaa mbele yake, pale alipokuwa akikaa na daftari, akaweka kitunga chini.

"Mama," alisema, "Mama Hélène anarudia kule siku ya kwanza, ile Jumatatu. Anataka kuenda na miye. Ni majuma mbili."

Lilikuwa limetamkwa. Mama Josée hakuinuka kwenda kwa kuku. Aliikunjua ile karatasi, akamtoa samaki, akamgeuza huku na huku, akamnusa, akampima kwa kiganja tangu kichwa mpaka mkia, taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuyaficha.

"Hii iko kadogo," alisema. "Adrienne. Weye utaniletea samaki mukubwa."

Na Adrienne alisikia, kwa kuitwa mara moja tu.